Silaha Haijilindi: Uhakiki wa Masimulizi ya Bunduki katika Njia ya Misafara ya Tabora

Katika madarasa ya siasa liko swali ambalo hupata jibu lilelile mwaka hata mwaka. Mkufunzi akiuliza kwa nini watemi wa Unyamwezi walishindwa na Wajerumani, wanafunzi hujibu kwa sauti moja: Wajerumani walikuwa na silaha bora. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni la hatari kuliko uongo mtupu. Anayeamini kwamba silaha ndiyo iliyoamua kila kitu ataamini pia kwamba ukombozi ni bidhaa: leo tununue bunduki, kesho trekta, keshokutwa kompyuta, ilimradi vitoke kwa yule aliyetushinda.

Tunakusudia kuchunguza jibu hilo limetoka wapi. Tukiisoma historia ya Tabora yenyewe hatulikuti. Tunalikuta katika namna fulani ya kusimulia, ambayo humfanya chuma kuwa shujaa na kuwafanya watu kuwa watazamaji. Namna hiyo tumeipokea kutoka nje, nasi wenyewe tumeiendeleza bila kuikagua. Kazi ya uhakiki ni kuikagua.

1. Bunduki kama shujaa

Tuanze na filamu za Kimarekani za askari wapanda farasi. Vijana wetu walizitazama katika majumba ya sinema, kisha katika vibanda vya video, na sasa wanazitazama katika simu za mkononi. Mfano mmoja ni The Gatling Gun ya mwongozaji Robert Gordon, ya miaka ya mwanzo ya 1970. Kikosi kidogo cha wapanda farasi kinailinda rashasha ya Gatling, bunduki ya mitutu mingi inayozungushwa kwa mkono, ili isiangukie mikononi mwa Waapache wanaoitamani. Mfano wa pili ni Winchester '73 ya Anthony Mann, iliyotolewa mwaka 1950, ambamo bunduki moja inatamaniwa na kila mtu, nayo inapita mkono hata mkono kama bibi harusi anayegombewa.

Tukizitazama filamu hizi kwa jicho la kisiasa, tunaona mambo matatu. Kwanza, hazielezi askari walifikaje katika ardhi ile. Wapo tu, kama miamba. Pili, hazielezi kwa nini mwenyeji anaitaka bunduki. Haja yake ya kuilinda nchi yake inaonyeshwa kama tamaa ya mwizi. Tatu, kamera husimama nyuma ya mgongo wa mlinzi, na kwa hiyo moyo wa mtazamaji nao husimama hapo. Kijana wa Urambo au Nzega anajikuta anaomba bunduki isimfikie yule ambaye, kwa nafasi yake katika historia, ni ndugu yake.

Historia halisi ya nchi ile inazikanusha filamu hizo. Mwezi Juni 1876 kamanda Custer wa kikosi cha saba cha wapanda farasi alikataa kuzichukua bunduki za Gatling alizopewa nafasi ya kwenda nazo, akaingia vitani kwenye mto Little Bighorn bila hizo, na yeye na askari aliokuwa nao wakauawa na Walakota na Wacheyenne. Wenyeji walishinda pigano lile, lakini walipoteza nchi. Waliipoteza kwa sababu makundi ya nyati waliyokuwa wakila yaliteketezwa, reli ilipita, na walowezi waliletwa kwa maelfu. Siku ya ushindi bunduki ya Gatling haikuwapo. Aliyewanyang'anya watu wale nchi alianza kwa kuwanyang'anya chakula chao.

2. Kalamu moja, nyika mbili

Msomaji anaweza kuuliza: nyika za Marekani zinaihusu nini njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji? Zinahusiana kwa sababu waliotuandikia habari za pande hizo mbili hawakuwa mbali sana. Mmoja wao alikuwa mtu yuleyule.

Mwaka 1867 kijana mmoja mwandishi wa magazeti alifuatana na msafara wa Jenerali Hancock dhidi ya wenyeji wa nyika za Marekani. Custer na wapanda farasi wake walikuwamo katika msafara huo. Mwandishi huyo alikuwa Henry Morton Stanley. Miaka minne baadaye, mwezi Juni 1871, Stanley aliingia Unyanyembe akakaa Kwihara, karibu na Tabora, akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Kitabu chake How I Found Livingstone kilitoka mwaka 1872 na kikasomwa dunia nzima. Macho yaliyozoea kuwatazama wenyeji wa nyika za Marekani wakiwa upande wa pili wa mtutu ndiyo yaliyokuja kumtazama Mirambo.

Humo Stanley anazihesabu silaha zake kama mfanyabiashara anavyohesabu mali: Winchester, Henry, bastola, magobore. Bunduki zina majina ya viwanda. Wapagazi waliozibeba, wengi wao, hawana majina. Wanahesabiwa kwa mizigo. Mara mojamoja tunakutana na jina kama la Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa amekwisha kusafiri na Speke, na ambaye kwa kweli ndiye aliyeongoza walinzi wa msafara. Lakini hata Bombay anaonekana kwa sehemu kubwa kama mtu wa kukaripiwa.

Iko habari nyingine ndogo ndani ya kitabu hicho ambayo filamu isingeipenda. Stanley aliondoka pwani na farasi wawili. Wote wawili walikufa mapema, kabla hajaenda mbali na pwani. Punda nao walipukutika njiani. Katika nchi ya mbung'o mpanda farasi hana maisha. Kuanzia hapo kila risasi, kila pipa la baruti na kila mtutu ulisafiri juu ya bega la mtu. Huku kwetu hapakuwa na wapanda farasi wa kuilinda silaha. Silaha ililindwa, ikalishwa na kupelekwa na mabega ya Wanyamwezi, Waswahili wa pwani na wengineo. Mpagazi ndiye aliyekuwa nguvu ya uzalishaji ya njia ile nzima, na ndiye aliyeachwa nje ya hadithi.

3. Vita ya 1871 inasema nini

Stanley alipofika, vita ilikuwa inaanza kati ya Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Chanzo chake kilikuwa hongo. Mirambo alikuwa ameudai msafara uliokuwa ukienda Ujiji baruti, bunduki na nguo, na hata baada ya kupewa akaukatalia njia. Tuangalie vizuri vitu alivyodai. Silaha inayotamaniwa haikuwa mapambo ya hadithi. Ilikuwa ndiyo ushuru wa barabara. Aliyeishika njia aliipata bunduki, na aliyeipata bunduki aliishika njia.

Waarabu walikusanya jeshi ambalo Stanley analihesabu kuwa zaidi ya watu 2,000, wengi wao wakiwa na bunduki, naye akajiunga nalo chini ya bendera ya Marekani. Mwezi Agosti 1871 kundi moja chini ya Saud, mwana wa Said bin Majid, liliingia Ulyankulu, likateka pembe za ndovu na watu. Mirambo hakuling'ang'ania boma lake. Alitoka, akajificha na watu wake katika majani marefu kando ya njia ya kurudia, akawangoja watekaji warudi na mizigo. Wakarudi wameelemewa na nyara, naye akawavamia. Saud aliuawa. Jeshi lote likarudi nyuma kwa fujo, na tarehe 22 Agosti watu wa Mirambo wakaichoma sehemu ya Tabora.

Kwa idadi ya bunduki, Waarabu na Stanley hawakuwa na sababu ya kushindwa. Walishindwa na mtu aliyeijua ardhi, aliyekuwa na vijana wenye nidhamu, na aliyefahamu kwamba tamaa ya nyara humfunga mtu mikono. Stanley mwenyewe analieleza tukio hilo, lakini maelezo yake yanaegemea upande mmoja: Waarabu walikuwa waoga, yeye alikuwa na homa. Sababu za ushindi wa Mirambo zinageuzwa kuwa kasoro za washirika wa Stanley. Hiyo ndiyo hila ya masimulizi ya aina hii. Mwafrika akishindwa, sababu ni bunduki ya mzungu. Akishinda, sababu ni uzembe wa mwingine. Kwa vyovyote vile yeye mwenyewe hafanyi lolote.

Aprili 1876 Stanley alionana na Mirambo ana kwa ana, wakachanjiana udugu wa damu, na sasa akamsifu. Katika maandishi ya Wazungu yule aliyeitwa jambazi akawa Napoleon wa Afrika. Wako wanafunzi wanaoifurahia sifa hiyo. Sisi tunasema ni sifa ya kasumba, kwa sababu inampima Mirambo kwa fimbo ya Ulaya, na inaendelea kulificha swali kuu: nguvu yake ilisimama juu ya nini?

4. Ufunguo wa ghala

Nguvu ya Mirambo ilikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza ulikuwa wa ndani, nao ni jamii: rugaruga, vijana waliokatwa kutoka katika ukoo na kuwekwa chini ya amri moja, pamoja na watemi wadogo waliounganishwa kwa nguvu au kwa hiari. Mguu wa pili ulikuwa wa nje, nao ni baruti na magobore. Bunduki hizo zilikuwa za aina iliyokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Nchi za Ulaya zilipoanza kutumia bunduki za kujazwa kwa nyuma katika miaka ya 1860, zile za zamani zilitafutiwa soko, na Afrika ilikuwa soko. Ililipa kwa pembe za ndovu na kwa watu.

Hapa ndipo penye fundo. Mirambo aliweza kuifunga njia, lakini hakuweza kuifungua bandari. Bandari ilikuwa mikononi mwa Sultani wa Unguja, na nyuma ya Sultani alisimama balozi wa Kiingereza, John Kirk. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika mapigano yaliyowahusu watu wa Mirambo, na urafiki wa Kirk na Mirambo ukavunjika. Mtemi aliyetetemesha njia nzima alijikuta anategemea hisani ya watu asiowaamuru. Alipokufa, Desemba 1884, mguu wa ndani nao ukalegea, kwa kuwa umoja ule ulifungwa juu ya mtu mmoja. Mrithi wake, Mpandashalo, hakuweza kuushika.

Mfanyabiashara wa silaha ni sura nyingine ya fundo hilo. Charles Stokes, mtu wa Ireland, alikuja kama mmisionari, akaacha kazi hiyo, akaoa Unyamwezi, na akawa mmoja wa wauzaji wakubwa wa bunduki katika njia hii. Mwaka 1895 ofisa wa Dola Huru ya Kongo, Lothaire, alimnyonga huko Ituri kwa kosa la kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo. Kifo cha Mzungu huyo mmoja kilizusha kelele kubwa Ulaya. Bunduki alizokuwa ameziuza kwa miaka mingi zikiwaua Waafrika hazikuzusha kelele ya namna hiyo.

Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Kwa jina la kupinga biashara ya utumwa, mataifa yaliyotia sahihi yalizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Biashara ya utumwa ilikuwa uovu, na kuipinga ilikuwa haki. Lakini kada lazima aone pia upande wa pili: aliyetuuzia magobore kwa miaka mingi ndiye aliyefunga duka, na alilifunga wakati alipokuwa anakuja kuichukua nchi. Mwenye ufunguo wa ghala hana haja ya kukunyang'anya bunduki. Anangoja baruti iishe.

5. Boma la Isike

Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe tangu 1876. Ukoo wake ulikuwa umesimama kwa msaada wa Waarabu wa Tabora, tena katika vita vya Mirambo Unyanyembe na Urambo walikuwa maadui. Wajerumani walipofika, Isike aliwapinga. Mwaka 1892 walilishambulia boma lake zaidi ya mara moja, na wakashindwa kuliteka, pamoja na silaha zao zote bora. Miti, udongo na watu waliojua wanalinda nini vilitosha kuwazuia.

Januari 1893 Luteni Tom Prince alirudi, na safari hii boma likaanguka. Isike hakujisalimisha. Aliwasha moto ghala lake la baruti yeye mwenyewe akiwa ndani.

Masimulizi ya kishujaa huishia kwenye mlipuko huo. Sisi tunataka msomaji aangalie pembeni ya moshi. Walioingia na Prince hawakuwa Wajerumani watupu. Jeshi la Wajerumani lilijengwa kwa askari wa Kisudani na wengine walioandikwa Msumbiji, na wapiganaji wa Kiafrika wa huku huku bara walitumika pia kama wasaidizi. Wafanyabiashara wa Tabora ambao ukoo wa Isike uliwategemea hawakufa pamoja naye. Wengi wao walikwisha kuelewana na mgeni. Urambo haikuja kumwokoa aliyekuwa adui wa Mirambo. Isike alikuwa na baruti ya kutosha kulipua boma. Kitu ambacho hakuwa nacho ni jirani wa kumwambia: shika kule, nami nishike huku.

Kwa hiyo jibu la wanafunzi lina nusu. Silaha bora zilikuwapo, na zilifanya kazi yake. Lakini silaha hizohizo zilishindwa mwaka 1892. Mjerumani aliingia kwa mlango ambao biashara ya njia ile ilikuwa imeuacha wazi kwa muda mrefu: kila mtemi na bunduki zake, kila mtemi na Mwarabu wake, kila mtemi na hongo yake.

6. Kasoro ya masimulizi yetu

Baada ya Uhuru tulifanya kazi njema ya kuwarudisha mashujaa hawa. Jina la Mirambo liko katika shule na katika kambi ya jeshi mjini Tabora. Hilo ni jambo la haki. Lakini katika maigizo mengi ya sikukuu, na katika ngonjera nyingi zinazoimbwa mashuleni, tumechukua filamu ya wapanda farasi na kubadilisha rangi ya mpanda farasi tu. Mirambo anasimama peke yake, bunduki mkononi, adui anakimbia. Mpagazi hayupo. Mkulima wa mtama aliyemlisha rugaruga hayupo. Mateka waliouzwa ili baruti inunuliwe hawapo kabisa, kwa maana tunaona haya.

Kuona haya si nadharia. Mtemi aliyepinga wageni aliweza pia kuwa mnyonyaji wa watu wake, na historia inayoficha jambo hilo inamfundisha kijana kumwabudu mwenye bunduki badala ya kumhoji.

Fasihi yetu imekwisha kutuonyesha njia bora. Katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, Ebrahim Hussein hakutuonyesha vita vya Maji Maji kama mashindano ya maji na risasi. Alichimba chini zaidi: watu waliunganishwa na imani katika kitu, na kitu hicho kikaanza kuwa kikubwa kuliko watu wenyewe. Tunathubutu kusema kwamba kuiamini bunduki ya Maxim ni ndugu pacha wa kuyaamini maji. Katika imani zote mbili nguvu inatolewa kwa watu na kuwekwa ndani ya chombo. Mwandishi atakayeandika juu ya Isike au Mirambo aanzie pale Hussein alipofikia, asirudi nyuma kwenye sinema.

7. Tabora yenyewe imekwisha kujibu

Mji huu umetoa majibu mawili kwa swali letu.

Jibu la kwanza ni la Januari 1958, mkutano wa TANU ulipokutana Tabora kuamua kama Chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, uliowekewa masharti ya kibaguzi. Wengi walitaka kugoma. Mwalimu Nyerere aliushawishi mkutano ukubali kuingia, na TANU ikashinda. Masharti ya kura tatu yaliundwa na mtawala, kama gobore lilivyotengenezwa Ulaya. Tofauti na zama za Isike ni kwamba safari hii aliyekishika chombo cha mtawala alikuwa umma uliojipanga nchi nzima, wala si mtemi mmoja ndani ya boma lake. Chombo kibovu kikafanya kazi ya wenye umoja.

Jibu la pili ni chungu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na batalioni ya pili iliyokuwa Tabora ikaasi pia. Silaha zilikuwa zetu, bendera ilikuwa yetu, lakini jeshi lilikuwa bado limejengwa kwa mfano wa mkoloni, na serikali ikalazimika kuomba askari wa Uingereza waje kuwanyang'anya silaha walinzi wetu wenyewe. Kutokana na fedheha hiyo lilizaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tarehe 1 Septemba 1964, kwa misingi mipya. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukaendeleza fikra hiyo kwa kusisitiza ulinzi wa umma na mgambo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokuja, mgambo walikwenda mstari wa mbele pamoja na jeshi.

Kutokana na hayo yote tunawaachia makada na wanafunzi maswali manne ya kuuliza kila mara wanapokutana na hadithi ya silaha, iwe kitabu, filamu, ngonjera au hotuba. Silaha hii imetengenezwa wapi, na nani ana ufunguo wa ghala lake? Imelipiwa kwa jasho la nani? Nani ameibeba, na kwa nini jina lake halimo? Na mwisho: mlinzi wake anamlinda nani, naye analindwa na siasa gani asije akageuka?

Hadithi ikishindwa kuyajibu maswali hayo, tuisome kwa tahadhari, hata kama imeandikwa na mwenzetu. Na katika madarasa, mwanafunzi atakapojibu tena kwamba Unyanyembe ilianguka kwa sababu ya silaha bora, mkufunzi asimkaripie. Amwulize mwaka 1892 silaha hizo zilikuwa wapi. Kutoka hapo somo litaanza.